Papa Christophe Kalonda, Muuguzi Aliyekataa Wazee Walazwe

Sisi wajukuu, jambo la kwanza tuliloligundua kwa babu yetu, Koko Christophe, ni kwamba alitazama miguu ya mtu kabla ya uso wake. Mgeni alipoingia uani, macho ya Koko yalishuka chini, yakafuata hatua zake hadi kwenye kiti, ndipo akamsalimu. Tulipokuwa wadogo tulidhani anatafuta funza, na kila tulipoitwa kumsalimu tulikimbilia maji tuoshe vidole kwanza. Ilipita miaka kabla hatujaelewa kwamba alikuwa akijiuliza mambo mengine. Huyu ana nguvu ya kuinuka? Anaburuta mguu? Anatafuta ukuta wa kushika? Kazi yake yote ilikuwa katika maswali hayo. Kwa sababu hiyo wasifu huu ulikuwa mchungu kuuandika, na utakuwa mchungu kuusikiliza.

Marehemu Christophe Kalonda alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Lusangi, katika teritware, yaani wilaya, ya Kabambare, mtoto wa tatu wa wakulima wa mpunga na muhogo. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na nyanya yake, mwanamke aliyelima hadi mwaka wa kufa kwake na asiyekubali mtu ambebee jembe.

Alianza shule ya msingi kwenye misheni mwaka 1956. Masomo yalikatika mwaka 1964 wakati wa uasi, familia ilipokimbilia msituni. Aliporudi darasani alikuwa mrefu kuliko mwalimu wake, na hakuona haya. Alimaliza sekondari hapa Kasongo, kisha akaenda Kindu kusomea uuguzi na kupata diploma yake mwaka 1974.

Tarehe 9 Agosti 1975, kanisani Kabambare, alifunga ndoa na Mama Régina. Alikuwa amemwona mara ya kwanza akipanda kilima na ndoo ya maji kichwani, akapendezwa na jinsi alivyopanda bila kusita. Mama Régina alikuwa akiwasimulia wageni habari hiyo kila walipokaa: “Wengine waliposwa kwa sababu ya macho yao ao sauti yao. Miye huyu bwana aliniposa kama mutu anachagua punda.” Marehemu alicheka kila mara, na hakukanusha hata siku moja. Walijaliwa watoto watano.

Alianza kazi katika zahanati ya Salamabila, akiwashona wachimbaji walioangukiwa na mashimo. Mwaka 1983 alihamia hospitali moja ya mjini hapa, na huko alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2014, miaka mingi akiwa muuguzi mkuu wa chumba cha wanaume. Katika chumba hicho aliona jambo ambalo wengine waliliona pia na kulizoea. Mzee alikuja kwa miguu yake akiwa na malaria. Malaria ilipona. Siku ya kutoka alibebwa mgongoni na mwanawe. Baada ya miezi michache habari zilifika kwamba amekufa nyumbani, na watu wakasema ni uzee.

Marehemu hakukubali kwamba ni uzee. Akiwa na miaka sitini alirudi masomoni Kindu kutafuta shahada ya afya ya jamii. Mwanawe Roger alimwuliza: “Papa, hii masomo ni ya nini tena, na miwani yenyewe imevunjika?” Akajibu: “Iko kitu kinaniulia wazee, na jina lake sijalijua.”

Kwa utafiti huo alipanda nyuma ya pikipiki hadi Kabambare, Lusangi na Salamabila, akiwatafuta nyumbani wazee waliowahi kulazwa, na wengine wa umri huohuo ambao hawakuwahi kulazwa. Aliwaomba wainuke kwenye benchi bila kushika kitu, kisha watembee hadi mlangoni na kurudi. Mzee Nourdine wa Lusangi alimtania mbele ya watu.

“Docta, miye ni mbuzi ya soko? Unaniangalia miguu tu.”

“Simama, Mzee. Usishike.”

“Na nikianguka?”

“Nitakudaka.”

“Wewe mwenyewe uko muzee. Wewe nani atakudaka?”

Aliyoyapata yanaweza kuelezwa kwa maneno machache, na yeye mwenyewe alipenda yaelezwe hivyo. Mzee ana akiba ndogo ya nguvu. Akilala kitandani siku nyingi mfululizo, miguu inakula akiba hiyo, na ugonjwa uliomleta ukipona nguvu hazirudi. Hospitali inamlaza kwa kuogopa asianguke. Familia inamlaza kwa heshima. Kwetu sisi, mkubwa akiugua mbele ya watoto wake, mguu wake haugusi sakafu. Ataoshwa kitandani, atalishwa kwa kijiko, ataletewa beseni la haja. Wanaokuja kuangalia mgonjwa hawamwangalii yeye peke yake. Wanawaangalia pia watoto wake, na wakimkuta amesimama, watarudi kijijini na neno. Marehemu aliandika kwamba heshima hiyo ni nzuri kwa mfu na ni hatari kwa mgonjwa. Aliomba mambo madogo: mzee asimamishwe mapema, hata siku ya pili kama hali yake inaruhusu, ale ameketi, fimbo yake ikae karibu na mkono wake, na wale tunaowaita garde-malade, ndugu wanaolala hospitalini kumhudumia mgonjwa, wafundishwe kumshika mkono badala ya kumlaza.

Mwaka 2013 alisoma matokeo yake mbele ya wakubwa wa hospitali. Walipiga makofi. Palikuwa na soda na mikate. Mmoja wao alimwambia, “Papa Christophe, kazi ni nzuri sana, lakini watu watasema tunatesa wazee.” Habari ikaishia hapo. Utafiti ulisifiwa na wazee wakaendelea kulazwa. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Hakuna kitanda hata kimoja kilichobadilishiwa utaratibu.

Kwa kawaida wasifu kama huu husema marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wa kwetu hauwezi kusema hivyo, kwa sababu si kweli. Jumatatu tarehe 22 Septemba mwaka huu wa 2025 alikwenda hospitalini kwa miguu yake, akiwa na ngiri iliyobana. Alipasuliwa jioni ileile. Upasuaji ulifaulu, na tunamshukuru daktari. Kesho yake asubuhi marehemu aliomba asimamishwe. Muuguzi mkuu wa sasa, Kamaldine, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, alimshika bega akamrudisha kwenye mto.

“Mwalimu, pumzika. Mutu kama wewe hawezi kuzungukazunguka hapa na maji ya serumu mukononi.”

“Kamaldine, somo hili nilikufundisha.”

“Ndiyo, Mwalimu. Lakini ile ilikuwa kwa wagonjwa.”

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walimpa kitanda kilicho mbali zaidi na mlango, ili asisumbuliwe. Wanafunzi wake wa zamani walishindana kumhudumia. Binti yake mkubwa, Mado, alimlisha uji kwa kijiko, na marehemu, mtu aliyefunga vidonda vya nusu ya mji huu, alikatazwa kushika kikombe. Ndugu walipofika kutoka Lusangi walimkuta ameshusha miguu, ameketi ukingoni mwa kitanda, wakamgeukia Mado kwa ukali: “Mutoto gani anaacha baba yake ajishughulishe hivi, na yeye iko hapa?” Siku hiyo Mado alichukua fimbo ya baba yake akaipeleka nyumbani. Mazungumzo yao yanaandikwa hapa kama Mado mwenyewe alivyoyasimulia.

“Mado, nirudishie fimbo.”

“Papa, ukianguka watu watasema nini?”

“Watasema nilianguka. Na nikilala hivi, watasema nini?”

“Watasema tulikutunza.”

Tulipomwuliza Mado kama maneno haya yasomwe mbele ya kaburi, alisema: “Andika. Na jina langu uliandike, wasifikiri ni mutoto wa mutu mwingine.”

Mwanzoni mwa Oktoba marehemu alijaribu kusimama mwenyewe, na miguu haikumbeba. Aliitazama kama alivyozoea kuitazama ya wengine, akasema kwa sauti ya kawaida, “Imekwisha hii,” kisha akageukia ukuta. Baadaye mgongo ulichubuka. Akaanza kuwachanganya watu, akimwita Roger kwa jina la yule nyanya aliyemlea. Kifua kikajaa. Alifariki Jumatano tarehe 15 Oktoba alfajiri, akiwa na miaka sabini na sita. Kidonda cha ngiri kilikuwa kimekauka vizuri kabisa.

Wakati huo wote Mama Régina alilala kwenye mkeka juu ya saruji, kando ya kitanda cha mumewe. Baridi ya saruji ile ilimpa homa ya mapafu. Siku mbili kabla ya kifo alilazwa katika chumba cha wanawake cha hospitali hiyohiyo, na ndiyo sababu mjane hayupo hapa leo. Hatukuweza kuahirisha maziko. Yeye mwenyewe alisema tusimngoje.

Jana asubuhi Kamaldine aliingia katika chumba cha wanawake kabla ya mtu yeyote kumwita. Beseni lililokuwa chini ya kitanda alilitoa nje. Akampa Mama Régina mikono yote miwili, akamwambia asimame. Wanawake wa familia waliokuwa pale walimkemea.

“Ni mujane wa jana, na wewe unamusimamisha? Huogopi Mungu?”

Mama Régina ndiye aliyewajibu, kabla Kamaldine hajafungua kinywa. “Mumuache. Bwana yangu alimufundisha miaka na miaka. Leo ndiyo ameelewa.”

Kamaldine aliinamisha kichwa, lakini mikono yake hakuitoa. Walikwenda hadi mlangoni. Mama Régina alishika fremu ya mlango, akapumua, akarudi, na uji wake akaunywa ameketi, kikombe akikishika mwenyewe. Jioni walikwenda tena, na Mado alikuwa upande wa pili.

Marehemu ameacha mjane wake, Mama Régina. Watoto watano, wa kwanza wao Mado na wa mwisho Roger. Wajukuu kumi na wanane na kitukuu mmoja. Ndugu zake wa Lusangi. Na wauguzi wengi aliowafundisha, ambao baadhi yao wako hapa na wamesikia.

Kwa mara ya kwanza tunakwambia ulale, Koko, na hatukukosei. Lala, upumzike. Mungu akupokee.

Tiba ya Mama Régina itakwisha Jumanne, tarehe 21. Roger alipanga pikipiki ya kumleta hadi hapa kaburini, lakini mama mwenyewe akaikataa. Alisema gari la padri limshushe barabarani, na kutoka pale asishikwe na mtu isipokuwa akiomba. Ndugu wa Lusangi wameahirisha safari yao ili wawepo. Leo asubuhi wao wenyewe walishika panga wakafyeka njia kutoka barabarani, wakaokota na mawe. Tunamngoja.