Mama Kornelia na Isale la Bwana Elimringi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika chama chetu cha wapagazi wa mlima, Mama Kornelia Theodory anastaafu. Wenye kampuni za utalii wamechangia keki. Ni kubwa kuliko tulivyotarajia, na tumeielewa.

Alianza kama mpiga chapa, akaishia msaidizi wetu wa kisheria. Mpagazi aliyekuja na malalamiko alipewa kwanza chai, kisha kiti, kisha akagombezwa kwa kubeba mzigo bila kuupima.

Ila kitakachosimuliwa ni kile kifungu cha muswada wa sheria uliopelekwa Bungeni. Kampuni zilifadhili semina za wabunge, chakula na, kwa ukarimu uliopitiliza, hata maneno ya kifungu chenyewe: mpagazi akiumia mlimani, asiishtaki kampuni. Kingepita, kesi ya Fabian wa Kilema, aliyevunjika nyonga kwa kubebeshwa mzigo uliozidi, ingekufa kabla ya kusikilizwa.

Wiki ambayo kamati ya Bunge ilikuja Moshi kukusanya maoni, Bwana Elimringi, mwajiri wa Fabian na msemaji wa kampuni zote, alipeleka isale Kilema kwa Mzee Martin, baba yake Fabian. Mchagga akiletewa jani hilo la kuombea radhi, hakatai. Mzee akaja ofisini amenyong'onyea.

"Mama, nimelipokea. Ndiyo kesi imekwisha?"

"Shikamoo, baba. Umesamehe, vizuri. Sasa njoo nalo ukumbini, mbele ya kamati."

Ukumbini Bwana Elimringi alieleza kwa ufasaha kwamba ajali za mlimani ni mipango ya Mungu, kampuni hazina kosa. Mzee Martin akasimama na isale mkononi.

"Mwanangu, hili uliniletea kwa niaba ya Mungu?"

Ukumbi ulicheka, isipokuwa mwenyekiti wa kamati, mgeni wa huku. Mama Kornelia akamweleza: hapeleki isale asiyekosa, na aliyesamehewa bado hutengeneza alichoharibu. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu.

Kifungu kikaondolewa. Fabian alishinda kesi, na leo ndiye mkata keki, akiwa ameketi, kama daktari alivyoagiza.

Isale lile, na kishina chake, Mzee alimwachia Mama, naye akalichomeka kando ya mlango wa ofisi. Sasa ni kichaka.

Mama, asante. Nenda Sanya Juu kwa ng'ombe wako, uwe na afya na majirani wasio na kesi. Kichaka tutakimwagilia. Kampuni itakayohitaji kuomba radhi ipite ichume, bure.