Utepe wa Banda la Pili Usikatwe

Mgeni rasmi, afisa wetu wa afya, pamoja na majirani mliofika: sisi Kikundi cha Pumzi Moja, Kiganjo, tunawakaribisha. Anayesoma ni Kimeu, mwenyekiti. Niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo nitasema mambo yalivyo.

HISTORIA

Tulianza watu kumi, wachonga mawe na wavunja kokoto. Vumbi na TB vilituharibu mapafu, tukapasuliwa, kila mmoja akaondolewa kipande cha pafu. Daktari alikataza machimbo, akasema tutafute kazi nyepesi. Tukafuga kuku.

MAFANIKIO

Kuku walinenepa.

CHANGAMOTO

Kazi nyepesi kuliko zote tuliona ni kugeuza maranda wanayolalia kuku. Aliyetoka hospitali juzi ndiye tulimpa, tukidhani tunamhurumia. Maranda yalikuwa yamelowa na kuota kuvu. Ukigeuza, vumbi linakuingia puani. Hatukuonywa, na hatukuuliza.

Ayub, wa kwanza kupewa kazi hiyo, akaanza kukohoa damu. Kliniki ikasema TB imerudi, akameza dawa za TB miezi mitano bure. Alipoingizwa kamera kifuani, ilionekana kuvu imeota ndani ya njia ya hewa, pale aliposhonwa. Alirudi akatuambia, "Mwenyekiti, kumbe mimi ni mkate wa juzi. Nitupieni kuku."

Katunge, mmoja wetu, akamjibu, "Kuku wenyewe watakukataa, wewe!"

Tulicheka. Tulimzika Aprili.

Wakati Ayub anaugua, zamu yake nilimpa Katunge. Ni mimi nilimpa. Sasa anakohoa vilevile.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ofisi yako ilitujengea banda la pili kwa nia njema, na utepe uko tayari. Tunaomba usiukate. Kuku wa banda la kwanza tumeshawagawa.

Ombi letu ni Katunge. Barua yake ya kuingizwa kamera tumeiambatanisha hapa. Amepangiwa Novemba. Hatafika Novemba. Dawa ya kuvu tumeitafuta Thika na Ruiru, hatukupata. Wewe una simu za wakubwa, sisi hatuna. Piga leo, ukiwa bado hapa.

Hakuweza kuja kukulaki. Yuko nyumba ya pili kutoka hapa, mlango wa kijani. Kabla ya chakula, tafadhali ingia umsikilize anavyopumua.

Mungu akulinde, na kifua chako kibaki kizima.

Ni sisi tisa tuliobaki,
Kikundi cha Pumzi Moja, Kiganjo.