Ngazi Iliyokataa Kupita Mlangoni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo; wasimamizi wetu; wazazi na wageni wote mliokubali kukalia mabenchi yanayonukia gundi:

Makaribisho

Karibu sana katika karakana yetu. Tumefurahi mno, na hatuoni haya kusema hivyo. Tangu tuliposikia unakuja, hakuna aliyelala vizuri. Tumefagia maranda ya mbao, na asubuhi tumeyakuta tena. Tunaiomba radhi suti yako.

Historia fupi

Sisi ni wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika usanifu majengo na ubunifu. Neno hilo limetuponza kwenye familia zetu. Mama wa mmoja wetu aliwatangazia majirani, kwa mbwembwe zote, kwamba bintiye yuko kwenye uzamivu. Jirani akamvuta pembeni: "Shoga, mkataze mapema. Wanaozamia meli wanaozea jela za watu!" Mama akampigia simu bintiye huku analia.

Binti huyo ndiye anayekusomea risala hii. Tunamwita Futikamba, kwa sababu futikamba yake haiachi hata akienda kunywa chai. Aya zinazofuata tuliziongeza baada ya yeye kuipitia risala. Dada, usiziruke, nakala tunazo mikononi.

Mafanikio

Mgeni rasmi, Futikamba anatafiti ngazi. Wapo waliomcheka, "Ngazi nayo ni ya kusomea udaktari?" Lakini mama yake anaishi ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo lisilo na lifti, na magoti yake yamegoma. Alianza kwa kuacha kwenda sokoni, akaja kukosa harusi ya mpwa wake, mwishowe akawa anasalimiana na watu dirishani. Bintiye alipomuuliza, alisema, "Kushuka naweza, mwanangu. Kupanda ndiko kunakonitoa machozi, na watoto wa watu wananipita wakiniambia pole."

Futikamba akaondoka na swali lake hapo: ngazi ijengwe vipi ili aliyechoka apumzike bila kuonekana ameshindwa? Akawa anashinda kwenye ngazi za watu. Akagundua kwamba mtu aliyechoka hasimami hivi hivi. Anajifanya anatafuta funguo, au anapokea simu ambayo haikulia. Basi akabuni ngazi ambayo inapokata kona ina dirisha na kiti, ili mtu asimame kwa raha zake. Tukaijenga ya ghorofa moja, kwa ukubwa wake halisi, kwa mbao na plaiwudi. Ndiyo hiyo nyuma ya msomaji. Tunaionea fahari kupita kiasi.

Changamoto

Hapa tunaomba usicheke, au ucheke kidogo. Karakana hii imepangiwa kubomolewa ipishe maegesho ya magari, kabla watahini hawajafika. Tuliposikia tukasema si neno, tutaihamisha ngazi. Tukaisukuma kwa kelele na nyimbo mpaka mlangoni, na mlangoni ikakwama. Tukailaza, tukaisimamisha, tukaigeuza. Wapi! Futikamba akatoa futikamba yake, akaupima mlango kwa mara ya kwanza, akakaa chini palepale. Wasanifu wote hawa, tulipima kila kitu isipokuwa mlango.

Baadhi yetu tukasema ikatwe vipande. Akajibu taratibu, "Mkiikata, viungo vyake vimekwisha, haitabeba mtu. Na ngazi isiyobeba mtu nitaitetea vipi?" Tukairudisha ndani, safari hii bila nyimbo.

Maombi

Hatuombi karakana mpya wala kompyuta, ingawa ukizileta hatutazikimbia. Tunaomba paa hili liachwe mpaka watahini waipande ngazi hii kwa miguu yao. Tasnifu ya karatasi wataisoma popote. Hii inasomwa kwa magoti.

Jana Futikamba alipotoka kuazima vipaza sauti, tulimleta mama yake. Alipanda pole pole, akafika kwenye kona, akakaa, akachungulia dirishani. Akasema, "Kumbe hapa mtu anaamua tu kukaa." Tulilia, Mheshimiwa, na wanaume wakasingizia vumbi.

Leo tumepanga mama aingie kwa kimlango cha nyuma wakati risala inasomwa. Kama mambo yamekwenda sawa, ndiye huyo uliyemwona akipanda nyuma ya msomaji, na ndiyo maana watu wananong'ona. Ametutuma tukuambie kwamba hana haraka, pale alipo pamemkaa vizuri, na hashuki mpaka asikie jibu lako.

Dada, risala yako imekwisha. Geuka nyuma.

Mungu akujalie afya, Mgeni rasmi, na magoti yasiyokusumbua uzeeni.

Ni sisi,
Wazamivu wa Karakana
(hatujazamia meli yoyote)