Punje ya Mpunga Iliyonisuta Mbele ya Madam

Bwana asifiwe! Asifiwe tena na nyie mliokaa kule mlangoni mnaotaka kutoroka kabla ya sadaka, nawaona! Mimi naitwa Kalisto, fundi wa mashine za kukoboa mpunga hapa hapa Majimoto. Wengi mnanijua kwa mdomo. Wachache mnanijua kwa ngumi, na hao nawaomba msamaha leo. Tukimaliza tuonane hapo nje kwa amani.

Ndugu zangu, nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa kwenye uongo. Tena uongo wenye muhuri!

Shule niliachia kidato cha pili. Sikuacha, nilifukuzwa. Mwalimu alinirushia dasta, na mimi nikamrudishia kwa njia ile ile ya hewani. Mama yangu alilia siku mbili, ya tatu akanishika mkono akanipeleka kwa Mzee Sebastiani, nyie mnamwita Mzee Meno. Akamwambia, "Mtoto huyu ana moto. Labda injini itamweza."

Kwa wageni mliotoka Mpanda, niwaeleze. Mzee anaitwa Meno kwa sababu hawashi mashine mpaka ang'ate punje ya mpunga wako. Ikivunjika "ka!" ujue umekauka, mimina. Ikilalia jino, mbichi, rudi nyumbani ukaanike tena. Hata uwe umetoka mbali na gunia kichwani, unarudi! Akina mama wanamtukana mpaka wanachoka. Lakini ukilazimisha mpunga mbichi unapata chenga tupu, mchele uliokatikakatika, halafu unasema mashine mbovu. Mzee alikuwa anakataa pesa yako leo ili kesho usimlaani.

Kwake nilikaa miaka minane. Alinifundisha kuweka bisibisi kwenye injini na sikio kwenye mpini, nisikie beringi inayolia kabla haijafa. Mwenyewe nikaongezea kwa simu. Nilikuwa napakua vitabu vya mashine, kamusi pembeni, neno kwa neno. Kiingereza changu mpaka leo ni cha injini. Kuomba maji ya kunywa siwezi, lakini pampu ya dizeli naisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Nikawa namwita Mzee baba. Baba wa kunizaa sikumjua.

Na nilimpenda kwa fujo, nisiwafiche. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, kijana mmoja pale sokoni akamwita kipofu. Nilimkunja shati, vifungo vyote vikadondoka. Mtu aseme neno juu ya Mzee Meno, mimi nipo! Ndivyo nilivyokuwa najiona.

Sasa sikilizeni shida ilipoingia. Mashine ya Mzee ilipasuka bloku, ikafa kabisa. Wakati huo huo ushirika wetu wa wakulima ukapata mashine mpya, kubwa, ile mnayoiona pale. Nikaenda kifua mbele nikijua kazi ni yetu. Mwenyekiti akasema, "Mwendeshaji lazima awe amepita chuo."

Nikamuuliza, "Mwenyekiti, cheti kinakoboa mpunga?"

Akanijibu mbele ya mkutano, "Kalisto, hata mdomo haukoboi."

Watu walicheka! Mwenyekiti uko hapo, najua na wewe unacheka. Akanipa muda mpaka mavuno. Nisipoleta karatasi ya chuo, wanaleta fundi kutoka mbali, na mimi na Mzee tunabaki kuangalia kwa dirisha.

Na chuo, ndugu zangu, ukianza mwanzo ni miaka mitatu. Nani angemshika Mzee mkono miaka mitatu? Nikasikia redioni kuna njia nyingine. Kama kazi umejifunzia mtaani, unaomba, wanakupima kwa mkono na kwa mdomo, na kile unachokijua wanakihesabu kama umeshakisoma. Hatua za mwanzo unasamehewa, unaungana na wenzako mbele, mwaka mmoja umemaliza. Niliruka juu! Nikasema Mungu ameniona.

Rafiki yangu Dotto anafanya kazi kwenye gereji ya magari kule Misunkumilo, Mpanda. Akanichukulia fomu. Tukaisoma pale pale kwenye matairi. Ukurasa wa kwanza: kazi umejifunzia wapi, leta barua ya hapo yenye muhuri. Nikanyong'onyea. Mzee ana muhuri gani? Muhuri wake ni grisi ya vidole!

Dotto akasema, "Bosi wangu ana muhuri. Anakuandikia umekaa kwetu miaka minane, mchezo umeisha."

"Na Mzee?"

"Mzee atajuaje, mwanangu? Kwani ataisoma fomu kwa macho yale?"

Hapo ndugu zangu! Neno lile lile lililomvua mtu vifungo sokoni. Safari hii sikugusa shati la mtu. Bosi wake akaandika, akagonga muhuri, nikaichukua barua nikaikunja vizuri. Shetani siku hiyo alipata kiti chenye mto.

Siku ya kupimwa niliondoka na pikipiki alfajiri, nikakata hifadhi, nikawapita viboko wa Sitalike wamelala kama hawana mtihani. Chuoni nikakuta wapimaji watatu, mkubwa wao mama mmoja mhandisi, tulimwita Madam. Wakaniletea injini iliyogoma. Nikasikiliza, nikafungua, kumbe kuna hewa kwenye njia ya dizeli. Nikaitoa, ikawaka. Wakaniletea kinu na gunia la mpunga, wakasema koboa.

Mkono wangu ulienda wenyewe. Sikuutuma! Ukachota punje, nikang'ata. Ikalalia jino.

"Madam," nikasema, "huu mpunga mbichi. Tukikoboa tunapata chenga."

Wapimaji wakaangaliana. Kumbe walikuwa wameuweka makusudi. Madam akatabasamu.

"Hiyo ya kung'ata nani kakufundisha?"

"Bosi wangu wa gereji, Madam."

Akaishika ile barua. "Hii gereji ya magari? Wanakoboa mpunga?"

"Mara moja moja, Madam."

"Ajabu. Mimi shangazi yangu kaolewa huko kwenu Mpimbwe. Anasema kuna mzee huko anawarudisha wanawake nyumbani kwa kung'ata punje. Wanamwita Meno. Huyo humjui?"

Nikasema, "Simjui, Madam."

Ndugu zangu! Kila Ijumaa Kuu nilikuwa nakaa pale benchi la tatu, namlaumu yule mvuvi aliyemkana bwana wake penye moto. Nilikuwa nasema moyoni, ningekuwa mimi, hata wanichinje! Mimi nimeulizwa na mama mpole ameshika kalamu, hana hata fimbo. Nikamkana mtu aliyenipa mkono ninaotumia. Na ladha ya mpunga ilikuwa bado ipo mdomoni!

Madam akaandika kitu, akasema tukale, tutaendelea saa nane. Wali ukaletwa, sikuugusa. Nikakaa karibu na bomba la maji. Simu ikaita. Mzee.

"Kalisto! Wamekuuliza habari ya kung'ata?"

"Wameuliza, Baba."

Nikamsikia anawageukia watu, "Wameuliza! Si niliwaambia wataiuliza?" Akina mama wakapiga vigelegele. Kumbe alikuwa amekaa na watu pale kwenye mashine yake iliyokufa, simu ameifungulia sauti, wanangoja habari zangu kama wanangoja mpira. Akarudi kwenye simu, sauti ikashuka, kama mtu anayeona aibu kuomba.

"Na wameuliza ni nani kakufundisha?"

Nikasema, "Baba, nitakupigia." Nikakata.

Sikujua sala ndefu siku ile. Niliomba moja tu. Nikasema, Bwana, mdomo huu nimeutumia kutukana watu wasiostahili. Nipe huo huo, dakika tano tu, useme ukweli. Nikasimama! Nikarudi ndani. Nikamkuta Madam anakula. Sikungoja amalize. Nikasema yote: Mzee, gereji, muhuri, macho ya Mzee, kila kitu.

Alinawa mikono polepole. Hakupiga kelele, na heri angepiga kelele, hiyo ningeiweza.

"Kalisto, mkono wako umefaulu tangu asubuhi. Lakini sina pa kuandika matokeo. Mtu aliyeko kwenye barua hii si wewe."

Akanirudishia fomu. "Geuza."

"Nini, Madam?"

"Geuza fomu. Si umesema unasoma vitabu mpaka ukurasa wa mwisho?"

Nikageuza. Bwana awe mwema kwa wajinga kama mimi! Nyuma imeandikwa: asiye na barua ya karakana, alete majina na sahihi za watu waliotumia kazi yake, yathibitishwe na ofisi ya kijiji. Basi! Iliandikwa pale siku zote. Mimi na Dotto tuliishia mbele, tukaona neno muhuri tukapagawa.

Madam akasema, "Siku saba. Ukirudi na uongo mwingine usinitafute." Ile barua nikaichana mbele yake.

Kurudi Majimoto ndio ulikuwa mtihani wenyewe. Nikamkuta Mzee peke yake, anafuta vumbi mashine isiyowaka. Nikapiga magoti kwenye pumba. Nikamwambia, "Baba, waliniuliza habari zako. Nikasema sikujui."

Akaacha kufuta. Halafu akauliza:

"Mpunga wao ulikuwa mkavu?"

"Mbichi, Baba."

"Na uliwaambia?"

"Niliwaambia."

Akashika tena kitambaa chake. "Basi mdomo ulinikana. Jino halikunikana. Inuka, nenda kawaite akina mama, siku saba si nyingi."

Haleluya! Nililia kama mtoto, na mimi huwa silii.

Wakaja, ndugu zangu, nyie wenyewe mlikuja! Wenye kalamu kwa kalamu, wasiojua kuandika kwa dole gumba. Mama Jeni akaniuliza, "Mzee huyu kanirudisha mara nne na gunia langu. Hilo nalo niandike?" Nikamwambia andika, Mama, ndiyo sifa yenyewe. Mwenyekiti naye akaja kuweka sahihi. Akaniangalia. "Leo huna la kusema?"

"Sina, Mwenyekiti."

"Kweli Mungu yupo," akasema.

Ofisi ya kijiji wakagonga muhuri. Muhuri niliokata pori mpaka Misunkumilo kuutafuta ulikuwa unanisubiri hatua mia mbili kutoka kwetu. Na pale penye swali la umejifunzia wapi, niliandika kwa herufi kubwa: KWA MZEE SEBASTIANI, ANAYEITWA MENO, MAJIMOTO.

Madam alisoma majina yote, moja moja. Hatua mbili za mwanzo wakanihesabia. Mbili! Bila kukaa darasani hata siku moja! Michoro nilianguka, tena vibaya, nilichora pulee, lile gurudumu la mkanda, ikafanana na chapati. Kwa hiyo sasa niko hatua ya tatu na wenzangu, na kwenye kipindi cha michoro nakaa na watoto wa mwaka wa kwanza, magoti yanagonga meza. Sioni aibu! Nisichokijua nakisoma, nilichokijua kimeshahesabiwa. Ushirika walipoona karatasi ile wakakubali: likizo na wakati wa mavuno mashine ni yangu, na nikimaliza ni yangu moja kwa moja. Msaidizi nimemchagua mwenyewe. Huwa mnamwona pale mlango wa mashine kwenye kigoda chake, anang'ata, anawarudisha. Chuoni kuna kifaa cha kupimia unyevu. Siku moja walinikopesha nikaja nacho, tukashindanisha. Sisemi nani alishinda, Baba yupo hapa, atavimba kichwa.

Ndugu yangu, wewe unayeshona nguo na hujawahi kukaa kwenye darasa la kushona. Wewe unayejenga nyumba za watu na hazianguki. Wewe dada unayepikia harusi nzima bila kupima chumvi. Nani alikudanganya kwamba Mungu anahesabu yale ya ubaoni tu? Yale uliyojifunza na jasho anayajua, alikuwepo. Mwamini, halafu nyanyuka uende ukapimwe! Fomu ninazo hapa kwenye mkoba, mtazikuta kwangu baada ya ibada. Sharti langu ni moja: isome mpaka nyuma. Na usiende na uongo, hata kama una muhuri mzuri.

Namshukuru Bwana. Namshukuru Madam, popote alipo. Dotto nilimpigia nikamwambia yote, akaniomba fomu yake.

Baba, hebu simama watu wakuone.

Hataki. Haya, kaa, Baba, kaa tu. Siku ile niliulizwa mbele ya watu watatu nikajibu vibaya. Leo hakuna aliyeniuliza, ila najibu mbele ya kanisa zima, na kule mlangoni mnisikie: yule mzee pale mwenye kofia mkononi, namjua. Ndiye aliyenifundisha!