Mzee Kebo, Aliyeyazika Madishi Mara Kumi na Nane

Tarehe thelathini mwezi huu Mzee Kebo anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Kwa wageni wetu: kampuni hii inauza madishi yanayopokezana mawasiliano ya simu kutoka mnara hadi mnara bila waya. Yeye aliamini kebo itayamaliza yote, ndipo mafundi wakambatiza jina hilo.

Alianza kwa kupanda minara. Magoti yalipogoma, akapewa meza, kikokotoo na kazi ya kuandika kila mwaka ripoti ya matarajio ya soko. Ripoti ya kwanza ilisema madishi yamebakiza miaka mitatu. Ya pili, miaka mitatu. Ya kumi na nane, kwa ujasiri uleule, miaka mitatu. Wakati huo ghala lilikuwa halikai na dishi hata wiki. Minara iliota kila kona, na kebo bado ilikuwa inangoja kibali cha kuchimba barabara. Mkuu wa mauzo akikutana naye kwenye ngazi alikuwa akimwamkia, "Shikamoo Mzee, mazishi lini?" Naye alijibu marahaba, kaburi linachimbwa.

Wakurugenzi hawakumdharau hata kidogo. Ripoti ikitoka, walifungua ukurasa wa mwisho na kuagiza kinyume chake. Kampuni ikanawiri. Sijui mtabiri mwingine aliyeleta faida kama yeye.

Mwaka huu akaharibu. Aliandika kwamba madishi yana maisha marefu: minara inasogeleana, watu wanatazama video hata jikoni, na kebo haitafika kila paa. Wakurugenzi, mazoea yana tabu, wakaandaa barua za kuifunga idara ya madishi. Tuko tisa pale. Mimi nilikuwa na wiki mbili tu tangu nirudi kutoka likizo ya uzazi, na mwenzangu wa meza ya pili ndiye anayelisha nyumba nzima.

Mzee Kebo aliingia kwenye kikao bila kualikwa. Akasoma tabiri zake zote kumi na nane, moja baada ya nyingine, na kila moja akaifuatisha na idadi ya madishi tuliyouza mwaka ule. Alisimama saa nzima, na kiti kilikuwepo. Mwisho akaomba safari hii wamsome kama alivyoandika. Kukosea ni rahisi, wote tunakosea. Kujianika hivyo kwa mpangilio wa miaka, mbele ya wakubwa, si kila mtu anaweza. Barua zilichanwa palepale.

Ndiye pia aliyekuwa akituambia kina mama kwamba mtoto akiumwa tuondoke tu, soko halina homa.

Ahsante, Mzee wetu. Idara ipo, sisi tisa tupo, na Jumatatu kuna madishi arobaini ya kufungwa. Tunakuombea siku njema na nyingi, na tafadhali, usiziandikie ripoti.