Hrant Bedoyan na Kibandiko cha Chini ya Boneti

Hrant Bedoyan hakuuza kibandiko hata kimoja. Hakunyang'anywa leseni, wala hakufa kwa aibu. Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu kinyume chake kilisemwa katika ukumbi wa kanisa hili, mbele ya wanawake waliokuwa wakikunja majani ya mzabibu kwa ajili ya chakula, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Marehemu alizaliwa Fowler, Kalifornia, tarehe 3 Juni 1951, mtoto wa pili wa Misak na Vartuhi Bedoyan, wakulima wa zabibu za kukausha. Alisoma Fowler hadi 1969, kisha akasomea ufundi wa magari Fresno kwa miaka miwili. Alisoma kila kilichoandikwa. Mama yake alisimulia kwamba akitumwa sabuni alichelewa kurudi, kwa kuwa alisimama njiani kusoma karatasi yake.

Mwaka 1984, jimbo lilipoanza kudai magari yapimwe moshi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata leseni ya ukaguzi. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne. Kabla ya kuwasha mashine yoyote alifungua boneti, akatafuta kibandiko upande wa chini, akakipangusa kwa leso na kukisoma kwa sauti: mwaka, ukubwa wa injini, vifaa vya kupunguza moshi vilivyofungwa kiwandani, na kama gari lilitimiza masharti ya Kalifornia au ya majimbo mengine tu. Wenye haraka aliwaambia, "Hiki ni cheti chake cha kuzaliwa, mama. Ngoja kwanza nimjue ni nani."

Alifunga ndoa nami tarehe 16 Oktoba 1976. Msimamizi wetu alikuwa Garo Tashjian, na hapa hakuna asiyejua kwamba msimamizi wa ndoa hanyimwi kitu.

Septemba 2018 Garo alileta pikapu yake ya mwaka 1985 ikaguliwe. Alikuwa ameigonga kwenye nguzo ya shamba, akanunua boneti kuukuu iliyotoka kwenye gari la jimbo lingine. Kibandiko cha boneti hiyo hakikutaja pampu ya hewa, kimoja cha vile vifaa vya kupunguza moshi, basi Garo akaing'oa pampu yake akidhani ni mzigo wa bure. Nilikuwapo. Nilikuwa nimewapelekea kahawa.

"Soma mwenyewe," alisema Garo. "Pampu haimo."

"Haimo kwenye gari la watu, Garo jan, ndugu yangu. Hapa wameandika injini ya lita tatu. Yako haifiki hata mbili na nusu. Umevaa kofia ya mtu, sasa unataka na jina lake?"

"Siku ya harusi yako nilishika msalaba juu ya kichwa chako mpaka mkono ukafa ganzi! Leo unanikatalia kwa ajili ya karatasi?"

"Msalaba uliushika vizuri sana. Sasa pampu irudishe."

Garo aliondoka bila kumaliza kahawa. Jumapili iliyofuata alisema Hrant alimdai hongo. Baadaye mtu aliona kibandiko kipya kwenye droo ya gereji, na hongo ikageuka kuwa biashara ya vibandiko.

Kibandiko hicho ni cha Garo. Hrant alikiagiza kwa watengenezaji, kwa namba ya chasisi ya pikapu ileile, wiki ileile waliyogombana. Akakitia kwenye bahasha, akaandika jina, akangoja. Garo hakuja gereji. Hakuja hata hospitalini.

Ugonjwa wa moyo uligunduliwa Aprili 2017, zaidi ya mwaka mzima kabla ya maneno hayo. Gereji ilifungwa Desemba 2018 kwa agizo la daktari, si la mtu mwingine yeyote. Marehemu alifariki Fresno tarehe 14 Februari 2019, asubuhi, akiwa na wanawe. Nilikuwa nimemwomba aniruhusu nijibu. Alisema, "Araksi, acha. Atakuja." Nilimtii akiwa hai.

Ameacha mjane, Araksi, watoto wawili, Taline na Vahe, wajukuu wanne, dada yake, Siranush, na msimamizi wa ndoa yake, Garo Tashjian, ambaye bahasha yake iko mezani penye mlango wa kanisa, kando ya kitabu cha rambirambi.

Mungu ampumzishe mtu huyu aliyesoma kabla ya kusema.

Kwenye chakula cha msiba nisiulizwe. Sitaongeza neno.