Mwalimu Secilia na Ingobyi ya Magurudumu

Leo ni tarehe 30 Juni 2004. Ni mwaka wa kumi tangu nitoke kwetu Ushirombo kuja kutafuta kazi ya kupakua magunia ya chakula cha wakimbizi, na ni mwaka wa thelathini tangu Mwalimu Secilia Nshoma atoke kwao Biharamulo kuja kufundisha ufundi katika chuo chetu hapa Ntobeye. Mimi bado nipo kazini. Yeye anastaafu leo.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Shibuda, kazi ya kuandika maneno haya. Niliwaambia kwamba niliishia darasa la tano. Mkuu wa chuo akasema hotuba zitasomwa na walimu, lakini kwenye kijitabu cha sherehe aandike mtu aliyekuwa anambebea mbao. Basi naandika nilichokiona, na yale ya zamani nimeyauliza kwa waliokuwepo.

Alipofika mwaka 1974 alikuwa mwanamke peke yake katika karakana. Wanafunzi wa siku hizo wanakumbuka kwamba walidhani ni mpishi mpya, wakamwonyesha njia ya jikoni. Hakubishana nao. Alikwenda jikoni, akanywa uji, akarudi karakana na kuuliza ni nani aliyeacha randa juani. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwelekeza jikoni tena, na randa hazijawahi kulala nje.

Kitu kilichomfanya ajulikane mpaka Nyakanazi ni utaratibu wake mmoja. Mwanafunzi haruhusiwi kuchora chombo cha kurahisisha kazi mpaka kwanza aifanye kazi hiyo kwa mwili wake, kutwa nzima. Anayetaka kutengeneza kitu cha kuteka maji, atateka maji. Anayetaka kuunda mashine ya kupukuchua mahindi, atapukuchua kwa vidole. Wengi walimlaumu, hasa wale wa mwaka wa kwanza waliotoka kwenye kutafuta kuni na shingo zimekakamaa.

Hizo kuni ndizo zilizoleta kikapu. Miaka ile ya kambi wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji, vilima vikabaki uchi, na akina mama wa kambini na wa vijijini walikuwa wanakwenda mbali kuokota vijiti huku wakiogopa njiani. Baada ya siku yao ya kuni, wasichana wa karakana walisuka kikapu kikubwa, wakakijaza majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, ndani wakaacha nafasi ya sufuria. Maharage yakichemka kidogo tu motoni, unayafunika mle na yanaiva yenyewe. Siku ya maonyesho afisa mmoja mgeni aliona kikapu kimefunikwa vizuri, akakikalia akidhani ni kiti. Aliinuka upesi akijishika suruali. Mwalimu akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba maharage yalibakiza muda mfupi na angeweza kuyasubiri amesimama. Vikapu vile bado viko Nyakisasa, viko kambini, na vingine nimeviona Biharamulo kwa watu wasiojua vilikotoka.

Mimi alinichukua mwaka 1996. Kambi zile kubwa zilifungwa, malori yakaondoka, nikabaki sina mzigo wa kupakua wala nauli. Alinipa ukibarua wa karakana. Mke wangu Kwandu akanifuata mwaka uliofuata, tukapanga chumba upande wa Nyakisasa. Uzazi wetu wa kwanza ulikuwa mbaya. Kwandu alifika hospitali amechelewa, mtoto hakupona, na daktari akasema mimba nyingine asithubutu kuzalia nyumbani.

Tatizo ni kufika. Watu wa kilimani kwetu hawana gari, lakini wana ingobyi, machela ya kusukwa kwa fito ambayo majirani huibeba mabegani. Kila kilima kina kundi lake la ingobyi. Wanaume hubeba kwa zamu, kikosi kizima, mpaka hospitali, na asiyekuja kubeba wa mwenzake naye habebwi. Kundi ni la wenyeji, wenye mji na ukoo pale. Mimi mgeni, sina ndugu hata mmoja wa kuingia zamu. Wakimbizi na wajane walikuwa katika hali hiyo hiyo.

Mwaka 1999 wanafunzi wawili wa Mwalimu walisema watalimaliza jambo hilo. Mmoja ni Celestini, mtoto wa huku huku Ngara. Mwingine ni Raya, binti wa wenye duka Nyakanazi, ambaye kwa kuchomelea vyuma sijaona wa kumfikia. Walitengeneza tela la machela: magurudumu mawili ya baiskeli mbovu, fito, magunia ya kulalia, na chuma cha kufungia nyuma ya baiskeli. Mtu mmoja anavuta mgonjwa peke yake. Kwa kuwa wageni wa shirika la misaada walikuwa njiani kuja kukagua kazi, mara hii Mwalimu aliwaachia wachore bila kubeba kwanza. Walilijaribu kwa magunia ya maharage na likaenda vizuri sana. Mimi niliyeyapakia magunia hayo nilifurahi kuliko wote, kwa sababu Kwandu alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Tukalipeleka kilimani. Majirani wakashukuru, wakapiga makofi. Baada ya mwezi tukasikia linabeba ndizi. Baada ya mwezi mwingine tukalikuta lina madumu ya pombe. Mgonjwa hata mmoja hakuwahi kulala humo. Mwanamke mmoja wa kilima chetu aliugua, wakambeba mabegani huku tela limeegemea ukuta wa kilabu cha pombe.

Celestini alikasirika. Alisema watu wake ni wagumu kama visiki. Raya akamjibu, "Na wewe si ndiye kisiki chao kilichosoma? Twende tukaulize."

Mwalimu alitangulia, sisi tukamfuata, mpaka kwa mzee Anatory, mkubwa wa kundi la ingobyi. Naandika mazungumzo yao kwa sababu chuo kizima kiliyasimulia baadaye, kila mtu na uongo wake, na mimi nilikuwepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mmefuata tela lenu? Limelewa kidogo."

"Tumekuja kuuliza tulipokosea."

Mzee alimtazama Celestini. "Wewe baba yako tulimbeba. Tulikuwa wangapi?"

"Wengi, mzee."

"Alikuwa mzito hivyo?"

Celestini akasema hapana. Baba yake alikuwa amekwisha kwa kuugua, hakuwa na uzito wa kuhitaji wengi.

"Tela lenu halina kosa," mzee akasema. "Kosa ni kwamba mmetuondoa sisi. Mgonjwa akivutwa na mtu mmoja kama mkungu wa ndizi, anajua amebaki peke yake. Sisi hatumbebi kwa sababu ni mzito tu."

Mwalimu hakujitetea. Aliomba wanafunzi wake wapewe zamu. Kwa miezi miwili Celestini alibeba ingobyi, na Raya, ambaye wanaume walimkatalia kubeba, alitembea pembeni na kusikiliza. Waliporudi karakana walikata kile chuma cha baiskeli wakakitupa. Badala yake wakaweka mishikio minne, miwili mbele na miwili nyuma. Magurudumu yanachukua uzito, lakini machela haiendi mpaka majirani wanne waishike, na wengine watembee kando kubadilishana. Ile machela ya juu walimpa mzee Anatory aisuke mwenyewe, kwa fito zake. Gharama yake haikufika hata bei ya baiskeli mpya.

Mzee aliizungusha uwanjani, ikapanda, ikashuka. Halafu akahesabu kwa vidole. Zamani safari moja ilimaliza wanaume wa kilima kizima, ndiyo maana hawakuweza kubeba kila mtu. Sasa wanne na wa akiba wachache wanatosha. Akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma na spana mkononi.

"Msukuma, mkeo anatarajia lini?"

"Mwezi wa tatu, mzee."

"Basi wewe anza zamu kesho. Wajane na wakimbizi wa huku chini nao tutawaandika."

Nilianza kesho yake. Nilibeba watu ambao sikujua hata majina yao. Na mwezi wa tatu, asubuhi ya mvua, uchungu ulipomshika Kwandu, sikumaliza kuita, wakawa wamefika. Mzee Anatory alishika mbele, Celestini ubavuni mwake, mimi nyuma kulia. Mshikio wa nne aliushika Mwalimu Secilia na viatu vyake vya kufundishia. Wanaume wakaanza kuguna kwamba mwanamke habebi. Akawaambia, "Nimewaachia nchi yote mbebe nyinyi. Hapa ni tope, sogeeni." Kwenye mteremko wa mwisho viatu vilibaki topeni na yeye akaendelea. Kwandu, katikati ya maumivu, aliuliza kama mwalimu amepata viatu. Nikajua atapona.

Walipona wote wawili. Mtoto wetu sasa ana miaka minne na anamwita Mwalimu bibi.

Siwezi kueleza kila alichofanya. Zipo ingobyi za magurudumu katika vilima vingi vya Ngara, na katika kambi ya Lukole wakimbizi wanatengeneza zao wenyewe. Celestini anafundisha karakana, na tangu leo funguo ni zake. Raya ana kiwanda kidogo Nyakanazi, na nje ameandika kwa rangi kwamba hachori kitu asichokibeba.

Mwalimu Secilia, wafanyakazi wa chuo, wanafunzi wako wa zamani na kundi la ingobyi tunakushukuru kwa mikono uliyotufundisha kuitumia. Tunakuombea afya, shamba lenye rutuba na usingizi usiokatishwa na kengele ya saa kumi na mbili. Mzigo wako utakwenda Biharamulo kwa lori. Tulimwomba mzee Anatory tuupeleke stendi kwa ingobyi, akakataa, akasema hiyo ni ya watu.

Na mimi nimechoka kukaa mbali, mama yangu amezeeka. Nimemwambia mzee kwamba nataka kurudi Ushirombo na familia yangu. Aliniruhusu kwa sharti moja: kwanza nimpate na kumfundisha mtu wa kushika nyuma kulia. Nimeshampata, kijana wa kambini, ana mabega mazuri ila anatembea haraka mno kwenye miteremko. Akishatulia, natarajia kuwa nyumbani mwezi wa kumi na mbili.